Aliyesimama Nyuma ya Bi Mkubwa

Wenye maduka wa mtaa ule walimwita Gramu, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa fundi wa mizani. Ukimpelekea mizani yako iliyolegea, aliitengeneza ikakaa sawa. Ukimwomba ailegeze kidogo upande wako, alikurudishia bila kuigusa, na salamu yako hakuiitikia mpaka hasira imwishe, na hasira yake haikuwa ya kuisha upesi. Mawe yake ya shaba, yale ambayo kila mizani ilisahihishwa kwayo, aliyatunza ndani ya sanduku la mbao, kila jiwe na kitambaa chake, na hakuyashika kwa vidole vitupu kwa sababu jasho nalo lina uzito. Muuza nyama wa pembeni, mtu wa mzaha, alikuwa akisema kwamba Gramu akicheka hucheka robo tu, inayobaki anairudisha kabatini.

Kazini ukali huo ulifaa, nani atabisha. Shida ni kwamba jioni hakuuacha karakanani pamoja na bisibisi zake. Aliingia nao ndani, na ndani alikuwemo mama yake.

Ili umwelewe mtu huyu, na mimi nataka umwelewe kabla hujamchukia, lazima kwanza nikueleze jinsi baba yake alivyofariki. Mzee alifia hospitalini, mchana kweupe, mwanawe ameketi kando ya kitanda. Gramu alikuwa akimnong'oneza shahada sikioni, neno moja moja, ili mzee afuatishe. Mzee akageuza kichwa kwenye mto wa kulalia, akauliza viatu vyake viko wapi. Gramu akamwambia, "Vipo, baba. Sema kwanza hivi." Mzee akasema, "Siyo hivyo. Vile vyeusi." Hakusema tena kitu.

Msibani, kila aliyekuja kumpa mkono alimsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Aliwahi kutamka?" Watu huuliza hivyo kwa wema, wakitaka kumfurahia marehemu. Gramu alijibu, "Nia alikuwa nayo," akameza mate, akampa mkono anayefuata. Siku ile hofu ilimwingia mifupani. Akala kiapo kwamba mama yake, siku yake ikifika, hatamtia mtu yeyote katika swali kama lile. Atakwenda na sala yake mkononi, kamili, haina pengo.

Halafu akili za mama huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, zikaanza kumtoka.

Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa na vichekesho, aliyeweza kupika sufuria ya kulisha darasa zima huku anamsuta mtu dirishani. Kwanza alisahau kufunga bomba uani. Kisha akawa anatia chumvi mara mbili, au hatii kabisa, na akiambiwa anasema wao ndio midomo yao mibovu. Nyumbani wakacheka naye. Kisha akasahau jina la mkwewe, hapo hawakucheka sana. Na siku moja alasiri Gramu akamwona anatandika msala, anasimama vizuri, anapiga takbiri, anarukuu, anasujudu, halafu kwenye rakaa ile ile ya kwanza anatoa salamu kulia na kushoto, anakunja msala na kuuliza kama chai imechemka. Nne zimekuwa moja.

Gramu akaenda kwa imamu, mzee mtulivu aliyekuwa akipenda kuongea huku anatengeneza miwani yake.

"Mama yako hadaiwi kitu, fundi," imamu alimwambia. "Mtu akili zikimtoka, Mungu hamwandikii sala aliyoikosa."

"Lakini kuna saa zinamrudia."

"Zikimrudia ataomba zilipomrudia."

"Anakosea hata hapo. Anasahau."

"Kuna sijda ya kusahau."

"Anasahau kila kitu, sheikh. Atasujudu mpaka lini?"

Imamu akavaa miwani yake, akamtazama. "Niambie kweli. Unamhofia mama yako, au unawahofia watu wa msibani?"

Gramu aliondoka amekunja uso. Njia nzima alijiambia kwamba mzee yule amelegea, kama mizani iliyozeeka, na kwamba mtu hamwachi mama yake azame ati kwa sababu ameruhusiwa kuzama. Neno lile lilimchoma kwa kuwa lilimpata penyewe, lakini hilo hakujiambia.

Basi akavaa kazi. Kila sala aliacha mizani za watu mezani, akanawa mikono, akamshika mama yake mkono hadi uani, akamtawadhisha kwa birika, akamsimamisha kwenye msala, naye akasimama nyuma yake. Akawa anamtajia maneno, yeye afuatishe. Wakati wa kurukuu alimgusa mgongo. Wakati wa kusujudu alimgusa bega. Akikosea, Gramu alisema, "Anza tena." Si kwa kelele. Hakuwahi kumpigia mama yake kelele, wala kumwinulia mkono, na kwa hilo alijiona mwana mwema. Alisema tu, "Anza tena," kwa sauti ile ile aliyotumia karakanani sindano ikikataa kurudi kwenye sifuri.

Mkewe alifanya kazi ya kupokea wagonjwa zahanati, akitoka asubuhi na kurudi alasiri. Alikuwa mtu wa kujikaza, lakini siku moja aliweka sahani mezani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Unamtisha," alisema.

"Namsaidia."

"Ukiwa hupo anaomba vizuri tu, peke yake. Anakaa pale kwenye kigoda cha jikoni, anaongea na Mungu kama anaongea na jirani dirishani. Nenda kamsikilize siku moja."

"Hizo ni soga," Gramu akasema. "Soga si sala."

"Haya," mkewe akasema, akaenda kuosha vyombo, na mlio wa vyombo ukamaliza yaliyobaki.

Bi Mkubwa mwenyewe hakulalamika. Alibadilika tu. Kila akimwona Gramu anaingia na birika, aliacha anachofanya, akakusanya nguo zake mwilini na kusimama ukutani. Alimwita "bwana", kwa heshima, kama mtu anavyomwita mkubwa wa ofisi aliyemwita bila kumwambia sababu. Gramu aliona, akajitia hamnazo. Alijiambia ni ugonjwa.

Siku ninayotaka kukusimulia, adhuhuri ilimkuta Bi Mkubwa kwenye dirisha la jikoni, lile lililotazama barabara. Mkewe Gramu yuko kazini. Jua linachoma bati mpaka linalia.

"Wakati umeingia, mama."

"Mtoto karudi?" Bi Mkubwa akauliza bila kugeuka.

"Mtoto gani?"

"Mwanangu. Katoka tangu asubuhi, jua lenyewe hili, na kofia hakuvaa."

"Mwanao ni mimi, mama. Niko hapa."

Bi Mkubwa akageuka, akamtazama vizuri, kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha kumstahi mgeni aliyetoa mzaha usiochekesha. "Wewe una mvi, bwana," alisema. "Wangu mdogo."

Gramu akamshika mkono, akampeleka uani, akamtawadhisha.

Mara ya kwanza Bi Mkubwa alisahau kurukuu, akaenda chini moja kwa moja. "Anza tena." Mara ya pili alianza kuimba wimbo wa kubembelezea mtoto katikati ya Fatiha, maneno mawili matatu tu, akajishtukia mwenyewe. "Anza tena." Mara ya tatu alifika sijdani, akakaa huko. Akakaa. Gramu akainama, akasikia ananong'ona, na minong'ono ile haikuwa maneno yanayotakiwa, akamgusa bega.

"Siyo hivyo, mama. Anza tena."

"Nimekosa wapi?"

"Anza tu tena."

Akasimama. Alipoinyanyua mikono masikioni haikufika. Gramu akamtajia neno la kwanza. Akalitaja tena, kwa nguvu zaidi. Bi Mkubwa akafungua mdomo, kisitoke kitu, hata lile neno ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua. Akageuza shingo kumtazama aliyesimama nyuma yake, na wakati huohuo mkojo ukamtoka, ukamshuka miguuni, ukaenea kwenye msala.

"Mama," Gramu alisema. "Hata udhu sasa?"

Alijuta hapohapo. Lakini neno limeshatoka, na badala ya kulifuata na lingine la kulipoza, aligeuka akaenda uani kutafuta ndoo na kitambaa. Alifungua bomba, akaweka kichwa chini yake. Maji yalikuwa ya moto kwa jua. Akakaa pale akiuma meno, analilia nini hajui, mpaka ndoo ikafurika. Aliporudi ndani, msala ulikuwa pale, umelowa, hauna mtu. Mlango wa mbele uko wazi.

Alidhani yuko chumbani. Hakuwepo. Jikoni hakuwepo. Akatoka nje bila kukausha kichwa, akatazama juu na chini ya barabara, na barabara ilikuwa na kila mtu isipokuwa mama yake.

Alikimbilia msikitini kwanza. Ndivyo alivyofikiri: mtu aliyetolewa kwenye sala ataifuata sala. Upande wa wanawake ulikuwa mtupu, feni inajizungukia peke yake. Akaenda kwenye maduka, na wenye maduka walipomwona anakuja mbiombio kila mmoja alitupa jicho kwenye mizani yake kwanza. "Mama yangu," alisema. "Mmemwona mama yangu?" Wakaacha mizani. Muuza nyama akatoka na aproni yake ya damu, akamwambia mkewe ashike kisu, akamfuata.

"Kapitia kwangu," muuza nyama alisema huku wanatembea. "Nikamsalimu, akaniuliza kama watoto wameshatoka shule. Nikajua mko naye."

"Alikuwa anaelekea wapi?"

Muuza nyama akanyoosha kidole. "Kule. Barabara kubwa."

Barabara kubwa ndiyo iliyopitisha malori ya kokoto, na malori ya kokoto hayana breki za kubembeleza. Gramu alikimbia, na yeye si mtu wa kukimbia. Suruali ikamshuka, akaishika kwa mkono mmoja. Walipofika, walikiona wote wawili kwa pamoja. Kandambili moja, ya buluu, katikati ya lami. Ya mguu wa kushoto. Gramu mwenyewe ndiye aliyemvalisha asubuhi.

Lori lilipita juu yake. Lilipokwisha pita, kandambili ilikuwa bado ipo, imesogea kidogo.

Gramu aliingia barabarani. Muuza nyama alimvuta shati kwa nyuma, akampigia kelele za matusi kama mbili hivi ambazo sitazirudia, dereva mmoja akapiga honi na kumtolea ya kwake. Gramu hakusikia. Alikuwa anaikagua lami. Alitafuta damu, alitafuta ushungi mweupe, alitazama mtaro wa upande huu na mtaro wa upande ule. Hakuna. Akainama akaichukua ile kandambili, akaishika kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakujua aseme dua ipi. Alijua nyingi, kila moja na mahali pake. Zote zilimkimbia.

"Fundi," muuza nyama akasema. "Tazama pale."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kanisa, jengo la matofali lenye ngazi pana, milango imefunguliwa kuingiza upepo. Kwenye ngazi ya kwanza palikuwa na kandambili ya pili.

Muuza nyama akatazama kulia na kushoto. Kituoni palikuwa na watu, na baadhi yao ni watu wa mtaani kwao, wameshaanza kunyoosha shingo. "Ingia umtoe haraka," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nitasimama hapa. Watu wana midomo, fundi. Kesho utasikia Bi Mkubwa kabadili dini."

Asubuhi ile ile maneno hayo yangemchemsha damu. Sasa alivuka, akaiokota ile kandambili ya pili, akapanda ngazi, na mlangoni, kwa mazoea, akavua viatu.

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya sabuni. Mwanamke mmoja alikuwa anapiga deki kati ya mabenchi, sketi ameipandisha na kuifunga kiunoni. Alimwona mtu aliyelowa kichwa, mikononi kashika kandambili, akaelewa bila kuambiwa.

"Ni wako?" akauliza.

"Ni mama yangu."

"Nimemkuta hapo ngazini, kalowa, anatetemeka. Nikamwosha miguu, nikampa kitenge changu cha akiba. Akaniuliza kama hapa mtu anaruhusiwa kuomba." Akaegemeza ufagio wa deki kwenye benchi. "Nikamwambia ruhusa. Au nimekosea?"

Gramu akampita. Akaenda mbele, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi chini, si kwenye benchi, katikati ya safu mbili. Hakuelekea kibla. Hakuelekea madhabahu pia. Alielekea pale alipokaa tu, kwenye mgongo wa benchi la mbele, mikono imefunguka mapajani. Na alikuwa anaongea. Sauti yake ya zamani ilikuwa imemrudia, ile ya jikoni, isiyotetemeka.

Gramu akasimama nyuma yake. Hakukusudia, ndipo miguu ilipozoea kusimama.

"...maana wewe unajua mimi sina mwingine," Bi Mkubwa alikuwa anasema. "Ni huyo huyo mmoja. Mlete nyumbani. Jua kali, Mola wangu, na yeye akipigwa na jua anatoka damu puani. Mlete upesi. Nyumbani kuna bwana mmoja, sijui nimemkosea nini. Hanipigi. Ananisimamia nyuma. Nikikutaja wewe ananiambia siyo hivyo. Sasa naogopa kukutaja, utanisamehe. Lakini mwanangu akija hatakubali nitendewe vile. Mdogo, lakini ana huruma. Mlete tu huyo mtoto."

Huko nje muuza nyama alikuwa anaita, "Fundi? Fundi, vipi huko?"

Gramu alisikia kila neno, na hakuna hata moja aliloweza kulirudisha. Alikuwa amesimama akiusubiri kwa miaka ule uhakika kwamba mama yake ataondoka na sala mdomoni. Sala ilikuwepo. Ilikuwepo muda wote, jikoni, sijdani, kila aliposema anza tena. Na yeye ndiye aliyekuwa akiikatiza. Alitaka kusema mama. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

Pumzi hiyo Bi Mkubwa aliisikia. Mabega yakampanda. Hakugeuka nyuma. Alikusanya kitenge cha watu mwilini, akaweka mikono sakafuni apate kujiinua, na ile sauti ya jikoni ikapotea.

"Nianze tena?" aliuliza.

"Hapana," Gramu alisema. "Hapana, mama. Usianze tena."

Akatoka nyuma yake. Akazunguka benchi, akakaa chini kwenye maji ya deki, ubavuni kwake, asimwangalie usoni ili asimtishe. Muuza nyama alichungulia mlangoni, akafungua mdomo aseme jambo kuhusu watu, mwenye deki akamwonyesha kwa mkono atoke, akatoka.

Polepole mabega ya Bi Mkubwa yakashuka. Akamgeukia mtu aliyekaa karibu naye, akamkagua kichwa chake kilicholowa na kandambili alizokumbatia.

"Na wewe umepotelewa?" akamuuliza.

"Ndiyo."

"Pole, baba." Akampapasa mkono. "Unajua kuomba?"

Gramu, aliyekuwa akiwasahihisha watu matamshi msikitini mpaka wanamkwepa, akainamisha kichwa.

"Si kazi," Bi Mkubwa alisema. "Mwambie tu. Niombee na mimi, mwanangu arudi. Dua mbili zikiwa pamoja zitasikika."

Akafungua mikono yake. Gramu akaweka kandambili chini, akafungua ya kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mlete," alisema.

"Amina," akasema Bi Mkubwa, akajifuta uso kwa viganja, ameridhika. Kisha akajisogeza, akamwegemea begani kama mtu aliyechoka anavyomwegemea jirani kwenye foleni, akaelekeza macho kwenye mlango uliojaa jua. Gramu naye akaelekeza macho huko huko, na wote wawili wakakaa wakimsubiri yule mtoto aje.